Mwaka wa Friji ya Mzee Bakari

Adhiambo alikuja kunitembelea mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwenye simu tu. Kabla hajakaa, kabla hata sijamuuliza kama atakunywa chai au uji, aliivuka sebule yangu, akafungua friji na kuingiza mkono mpaka nyuma kabisa, akawa anapapasa ukuta wa ndani. "Hii mnazimanga usiku?" akaniuliza. Nikamwambia hatuzimi. "Na kuna mtu mwingine yuko na swichi yake?" Nikamwambia hakuna, nyumba ni yangu, meta ni yangu. Ndipo akatoa mkobani chupa zake mbili za insulini, zimeviringishwa kwenye leso, akaziweka mlangoni kando ya maziwa, kisha akaketi na kuniuliza habari za watoto. Mgeni mwingine akikukagulia friji namna hiyo unaweza kumwonyesha mlango. Mimi nilimwacha, maana tabia hiyo najua aliitoa wapi, na mmoja wa waliomfunza ni mimi. Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi kwa wanafunzi wangu, kila mara kama kichekesho cha bodi yangu ya kwanza ya umeme, na wakifika kwenye digrii elfu nne huwa wanashika mbavu. Huwa siwaambii yaliyobaki.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kware, ghorofa ya tano, chumba kimoja chenye vitanda viwili na pazia katikati. Dirisha letu lilitazamana na dirisha la jengo la ploti ya pili, karibu kiasi kwamba mama wa upande ule akikaanga vitunguu, sisi ndio tunaotokwa na machozi. Taa iliwaka saa sita mchana. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne nikisomea mambo ya umeme katika chuo kimoja mjini. Adhiambo alikuwa kibarua katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki huko Industrial Area, akitoka saa kumi na mbili kasoro na kukata kwa miguu kupitia Mukuru kwa Reuben ili awahi getini kabla wengine hawajachaguliwa. Jioni tulipika ugali na sukuma wiki, Jumapili dagaa wa omena, na chai yetu ilikuwa ya rangi, bila sukari, kwa sababu Adhiambo alikuwa na kisukari tangu akiwa shuleni na mimi niliona ni adabu kunywa anachokunywa. Alijidunga sindano asubuhi na jioni. Chupa aliyokuwa akiitumia aliiweka chumbani, ndani ya chungu kidogo chenye mchanga uliolowa maji. Zile za akiba, ambazo kliniki ilimpa kwa miezi kadhaa, zilikaa kwenye friji ya Mzee Bakari, mwenye duka la soda na maziwa pale chini. Kila chupa ikiisha, Adhiambo alipitia dukani alfajiri akielekea kazini, akachukua nyingine.

Mzee Bakari alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mwenye kuuza mkate huku akikuuliza kama mama yako amepona. Hakutaka hata shukrani kwa kutuhifadhia dawa. Joto la Januari lilipozidi, alizitoa zile chupa mlangoni mwa friji kwa hiari yake, akazipeleka mahali alipopaona bora, akatuambia kwa fahari: "Nimezitia ndani kabisa, wanangu, pale penye baridi yenyewe. Soda haziruhusiwi kufika pale." Tukamwombea baraka.

Kufikia Machi Adhiambo alikuwa anakunywa maji jagi zima akiamka. Alikuwa anaenda chooni, kile choo kimoja cha ghorofa nzima kule mwisho wa koridoo, mara nyingi hata majirani wakaanza kuhesabu. Nguo zikamlegea. Kliniki wakampima, sukari iko juu. Wakamwongezea kipimo cha dawa, bado iko juu. Sista wa pale, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwambia mbele yangu: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Unaruka sindano au unakula sukari. Chagua moja uniambie." Adhiambo akasema haruki sindano wala hali sukari. Sista akanitazama mimi, macho ya kuniuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikainua mabega.

Koridoo yetu nayo ilikuwa na mahakama yake. Wanawake walifulia pale nje ya milango, na kuta za ploti ile hazikuzuia hata kikohozi. Siku moja niko kitandani nasoma, nikawasikia. "Huyo anadunganga nini kila siku?" mmoja akauliza. "Anasema sukari." "Sukari gani inakondesha mtu hivyo? Mimi nilimwona na mandazi pale kwa Mama Brayo. Kwa macho yangu." "Sasa analia nini?" Nilipaswa kutoka niwaambie pilipili wasiyoila yawawashia nini. Badala yake nikaanza kumchunguza. Nilipekua mfuko wa aproni yake ya kazini. Nilikuta karatasi yenye mafuta, nikaiweka juu ya meza, na aliporudi nikamwuliza hii ni ya nini, kwa sauti ile ya sista. Akaiangalia, akasema alikula nusu mandazi kwa sababu alikuwa anatetemeka kwenye mashine, halafu akakaa juu ya kitanda na viatu vyake vya vumbi. "Nekesa, mimi najidunga. Hiyo dawa ndiyo imekufa. Dawa ikiwa nzuri, mimi huisikia mwilini, nasikia njaa, natoka jasho. Hii ikiingia ni kama nimejidunga maji." Nilimjibu kwamba dawa haifi ovyo ndani ya friji. Maneno hayo alinirudia labda mara ishirini mwaka ule, hayohayo, na kila mara yalinichosha zaidi. Nikiyakumbuka sasa napata hasira, na si yeye ninayemkasirikia.

Bodi niliitengeneza ili nimnyamazishe. Huo ndio ukweli ambao huwa siwaambii wanafunzi. Chuo kilitaka kila mmoja wetu abuni kitu, nami nikasema nitatengeneza kidude cha kupima joto la friji ya Mzee Bakari usiku na mchana, niandike kila kitu, nimwonyeshe Adhiambo kwa tarakimu kwamba friji ni nzima na shida ni mdomo wake. Nilinunua bodi ndogo ya ukubwa wa kiberiti, aina ile unayoichomeka kwenye kompyuta ukaiandikia programu. Nikanunua na sensa ya joto yenye waya mrefu na kichwa cha chuma, kijisaa chenye betri yake kama ya saa ya mkono, na mahali pa kuchomeka memori kadi. Waya za kuunganishia niling'oa kwenye redio mbovu. Kuchomelea nilifanyia kwenye kibanda cha Kevo, fundi wa simu aliyekuwa jirani ya duka la Mzee Bakari, kijana wa makamo yangu aliyekuwa na chuma cha kuchomelea kimoja na maoni juu ya kila jambo.

Kidude kile kilinitesa kuliko mume mbaya. Wiki ya kwanza kilikataa kuamka kabisa. Kumbe nimebadilisha waya mbili mahali. Wiki ya pili kikaamka na kuniambia kwamba ndani ya friji kuna digrii themanini na tano. Nikaitia sensa kwenye kikombe cha maji baridi: themanini na tano. Nikaishika kiganjani: themanini na tano. Nilichomelea upya kila kiungo, nikaunguza kidole, nikamtukana Kevo kwa risasi yake mbovu ya kuchomelea, naye akanitukana kwa mikono yangu. Ilinichukua siku nne kung'amua kwamba sensa ile ikiulizwa kabla haijamaliza kupima hujibu themanini na tano, basi tu, kama mtoto anayejibu "ndiyo" kabla hujamaliza swali. Nikaipa nafasi ya kupumua, ikaanza kusema kweli. Lakini somo nililolipata pale lilikuwa baya, nami nililishika vizuri: kwamba kidude kikitoa jibu la ajabu, ni upuzi, usikihangaikie.

Kwa hiyo tulipokifunga kwenye friji asubuhi moja ya Juni, kichwa cha sensa nimekiegemeza kwenye chupa za Adhiambo, bodi yenyewe nimeichomeka kwenye soketi moja na friji, na kesho yake jioni nikachomoa memori kadi nikakuta tangu saa nane mchana joto ni digrii elfu nne na tisini na tatu, sikushtuka. Nilichoka tu. "Neki, hiyo si friji, hiyo ni jua," Kevo akasema, akacheka mpaka akaegemea mlango. "Hizo soda zingekuwa zimeiva." Nikamwambia nimepitia programu mara kumi na sioni kosa. "Zii, achana nayo. Iambie tu ikiona namba ya upuzi kama hiyo, iruke. Si unataka kumaliza?" Nilitaka kumaliza. Nikaandika mstari mmoja: chochote kinachozidi mia, usikiandike. Memori kadi ikawa safi. Kulikuwa pia na jambo la usiku, kwamba saa nne hivi bodi ilikuwa inakufa na kufufuka alfajiri, nikaisingizia stima ya Kware, umeme uliokatikakatika hata bila kusingiziwa. Kila jioni nilinakili tarakimu kwenye daftari la mraba, nikapiga hesabu ya wastani, na wastani ukatoka digrii sita. Dawa inataka kati ya mbili na nane. Chuo walinipa alama nzuri sana.

Nilimwuliza na Mzee Bakari, kwa kukamilisha, kama friji huwa inazimwa. Akaweka mkono kifuani. "Wallahi, mwanangu, tangu niinunue sijaizima hata siku moja. Mimi nafunga duka, friji inabaki inanguruma."

Agosti, Adhiambo alianguka kwenye geti la kiwanda. Wenzake wawili walimbeba mpaka hospitali kubwa, akalazwa. Wodini, kwa dawa ya wodini, siku ya tatu akaanza kukaa, siku ya tano akaomba ugali. Sista wa wodi, binti mwenye haraka, alinieleza kwa nini, nami nikaona ana akili: "Hapa tunamdunga sisi wenyewe, ndiyo maana anapona. Huko kwenu harukiruki hizi sindano? Ijumaa tunamruhusu. Mchungeni." Nyumbani zilikuwa zinamsubiri chupa tatu kwa Mzee Bakari. Na mimi Jumatano ile nilienda kumwona na ndizi mbili za kuchemsha na, chini ya kwapa, lile daftari. Nilimpelekea mgonjwa ushahidi kitandani. Nikamfungulia, nikamwonyesha kwa kidole: sita, sita, saba, sita. "Umeona?" nikamwambia. "Adhi, mimi ni rafiki yako. Niambie tu."

Alichukua daftari akaanza kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, polepole, mdomo unatembea. Alisoma muda mrefu mpaka nikadhani ananikejeli. Kisha akaweka kidole. "Hapa saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili mbona hakuna kitu?" Nikasema pale kulikuwa na namba mbovu, nikazitoa. Akafungua ukurasa mwingine. "Na hapa? Hata hapa. Kila siku saa nane." Nikamwambia ni bodi, ina kasoro zake. "Na usiku, saa nne mpaka alfajiri?" Nikasema stima. Akalifunga daftari. "Kwetu kiwandani kila mashine iko na kadi yake, tunaandika kila saa. Supavaiza akikuta kadi iko na saa hazijaandikwa, haulizi mashine ilikuwa inafanya nini. Anauliza ni nani aliumia." Alinirudishia daftari na kugeukia ukutani. Nilitoka pale nimeudhika, nakuhakikishia, nimeudhika kweli, kwamba mtu wa mabeseni ananifundisha kazi yangu.

Lakini nilikuwa na saa kadhaa za kutembea na kuudhika, na hasira ikipungua swali lilibaki palepale. Kama bodi ilikuwa na kasoro, mbona kasoro yake ilijua saa? Kesho yake, Alhamisi, nilikosa darasa. Saa nane u nusu mchana niliingia dukani kwa Mzee Bakari, nikamwomba ruhusa, nikaingiza mkono kwenye friji mpaka nyuma kabisa, kule kwenye baridi yenyewe. Bamba la ukuta wa nyuma lilikuwa limeota barafu nyeupe. Chupa tatu za Adhiambo zilikuwa zimeganda juu yake, nikazibandua kwa kuvuta. Nilitikisa moja. Haikutikisika. Ndani mlikuwa na jiwe.

Insulini ikiganda mara moja imekwisha. Hata ikiyeyuka ikawa maji mazuri, ni maji tu. Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi ya dawa na kulipita, kwa sababu nani anagandisha kitu Kware? Na zile digrii elfu nne, nilikuja kuelewa baadaye nikiwa na kalamu, zilikuwa ni tatu chini ya sifuri. Sensa ilisema kweli kila mchana. Programu yangu ndiyo haikujua kuhesabu chini ya sifuri, ikaligeuza jibu likawa jua, nami nikaiamuru inyamaze. Nilimwita Mzee Bakari aone. Alishika chupa ile kwa vidole viwili, akaniambia kwamba kila asubuhi akifungua anakuta soda zina joto, akadhani friji imezeeka, ndipo huizungusha swichi ya baridi mpaka mwisho. Kila asubuhi, kwa miezi. Tukamwita keateka, msimamizi wa ploti. Alikuja anatafuna mua. "Ndiyo, usiku nazima laini yote ya huku chini," akasema bila wasiwasi. "Meta inakula tokeni za stima kama wazimu. Saa nne usiku nani ananunua soda? Saa kumi na moja narudisha, mzee hata hajaamka." Kwa hiyo mchana dawa iligandishwa kwa upendo, usiku ikayeyushwa kwa ubahili, na alfajiri Adhiambo akachukua chupa yenye maji safi yasiyo na habari. Mzee Bakari aliketi juu ya kreti. "Nimemuua mtoto wa watu kwa mkono wangu," akasema. Nikamwambia hajafa, na kwamba nina haraka.

Nilipanda bodaboda na chupa moja nimeiviringisha kwenye gazeti, ili sista aione ikiwa jiwe. Chupa mpya tulizipata, lakini kesho yake na kwa ubishi wa kutwa, mpaka daktari mmoja alipokubali kulisoma daftari. Alhamisi yenyewe foleni ya getini ilikuwa ndefu, na askari alikataa kuniruhusu kabla ya saa ya wageni. Nilikaa juani. Nilipofika kitandani kwa Adhiambo na kufungua gazeti mbele ya yule sista mwenye haraka, gazeti lilikuwa limelowa, na ndani ya chupa mlikuwa na maji.

Sista aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. "Hii ni nzuri tu."

"Ilikuwa barafu, sista. Nimeishika kwa mkono wangu."

"Mbona sasa si barafu?"

"Imeyeyuka. Niko hapo nje tangu saa tisa u nusu."

"Imeyeyuka." Aliandika kitu kwenye faili. "Na ni nyinyi mnaokaa pamoja?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo mnafundishana uongo. Kesho anaenda na dawa zenu ziko nyumbani, hatutoi nyingine."

"Sista, ukimpa hizo atakufa. Naapa mbele ya Mungu, siongopi, friji inazimwa usiku, halafu mchana…"

"Dada, kila mtu kwenye hii wodi huapa."

Nilisikia sauti nyuma yangu. Adhiambo alikuwa anacheka. Wiki mbili sikuwa nimemwona hata akitabasamu, na sasa alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, mama wa kitanda cha pili anamwangalia. "Mwambie tena, Nekesa," akasema. "Mwambie polepole. Usichoke. Mimi nilikuambia miezi mitano."

Sista akaenda zake na faili lake. Nilisimama pale na gazeti bichi mkononi, na nikaanza kulia kwa aibu, kilio kibaya cha kutokwa makamasi mbele ya watu. Adhiambo hakuniambia ninyamaze. Aliniacha nilie mpaka nikatosheka.

"Kesho sitoki hapa bila chupa mpya," akasema. "Hata kama ni kulala kwa mlango wao. Na wewe utalala na mimi."

"Nitalala," nikamwambia.

Akasogeza miguu upande wa ukuta, nikakaa.